Pauni Ishirini na Mbili

Nimeziweka zote mbili juu ya kaunta, huku Hanley,
mvua ikichuruzika kwenye mikono ya koti.
Bwana Colclough hakuuliza hali.
Ameiinua ya pili kwenye taa: pauni ishirini na mbili.
Ameiinua ya kwanza, akaona mikwaruzo,
akacheka puani. Nusu pauni,
na hiyo ni kwa ajili ya kasha.

Chema chajiuza, walisema. Haya, kijiuze basi.

Ya pili nimeicheza wiki sita, usiku,
nikitoka zamu ya ghala na miguu kama magogo.
Siidhulumu. Nianze na sifa zake:
maji yake ni maji. Ukisimama ukingoni
unaona kokoto chini, na kivuli chako juu ya kokoto.
Joka likitua, nyasi zinalala upande mmoja
kama nywele zilizochanwa.
Ile ya kwanza, farasi wetu alipanda ukuta
akakwama juu ya paa siku tatu,
sisi chini tunambembeleza kwa karoti.

Lakini yuko Orsa, mhunzi.

Katika ya kwanza, ukiiba mkate sokoni
Orsa hakuuzii upanga.
Hakuna aliyekuonya. Unafika karakana,
mlango umefungwa, nyundo inalia ndani.
Tulirudisha mkate. Haukutosha.
Tukamchotea maji, tukamzolea majivu,
usiku wa nne akafungua ubao mmoja wa dirisha
akasema neno moja.

Katika ya pili Orsa amerudi. Nywele zake utazihesabu,
jasho linamshuka shingoni tone kwa tone.
Nimeiba mkate makusudi. Nimeiba na mbuzi.
Nimechoma kinu cha kijiji, nikamwendea nanuka moshi.
Akatabasamu: karibu, shujaa, nikupe nini?
Mshale wa dhahabu ukanionyesha pa kubonyeza.

Mgema wamemsifu mno. Nimeonja.
Ni maji. Maji safi, yenye kokoto chini.

Hapo ningekoma, nichukue pesa zangu niende.

Ila ya pili ina maandishi ya lugha kumi na moja.
Nimezipitia moja moja, kama mtu anayetafuta jina lake
kwenye orodha ya waliofaulu. Yetu haimo.
Ya kwanza ilikuwa na Kiingereza tu, tena cha kale,
na Kiingereza changu siku zile
kiliishia kwenye vibao vya mabasi.
Basi Mbwarahaji, tuliyepanga naye chumba Shelton,
alinisomea kwa sauti, mto mgongoni,
mita ya umeme ikitafuna sarafu:
joka lilisema kwa lafudhi ya nyanya yake wa Faza,
mfalme aligugumia kama karani wa forodha,
na Orsa, lile neno lake la dirishani,
mpaka leo sijui liliandikwaje.
Yeye alisema: "Haya."

Juzi nimempigia, yuko Aberdeen, ana mapacha.
Nikamlalamikia habari za Orsa. Akacheka hadi mmoja akaamka.
"Mlango ule ulikuwa mbovu tu, bwana. Mchezo mzima ulikuwa mbovu.
Nusu ya maneno nilibuni.
Mimi naipenda ya pili. Haininyimi usingizi."

Kwa hiyo sijui nilichokuwa nikikipima.
Sijui hata lile haya lilikuwa la njoo, ingia,
au lile la mtu aliyekwisha kula mkate wa wizi
akatakiwa awe nalo usoni.

Bwana Colclough amehesabu noti mbili na sarafu moja.
"Na hii?"
Nimefungua kasha. Chini ya diski imo bili ya gesi,
imekunjwa mara nne, na nyuma yake
mito, milima, msalaba wa wino mwekundu
penye karakana, na mwandiko usio wangu:
hapa gonga, usiingie.

Hiyo hapana, nimemwambia.
Sarafu nimeitenga na noti. Ni ya mita.